Mfuko wa Pancha na Baba Mkwe

Kwenye buti la gari langu kuna mfuko wa salfeti ambao hakuna mtu nyumbani kwetu anaruhusiwa kuugusa. Watoto wanajua. Mume wangu naye anajua, ingawa kwake yeye kujua na kutii ni mambo mawili tofauti kabisa, na ndiyo maana nina haya ya kusimulia.

Ndani ya mfuko mna jeki la kuzungusha, nimelipaka grisi mpaka linateleza. Mna wili spana, ile ya mkono mmoja uliopinda, iliyokuja na gari. Mna kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu udongo wa huku mvua ikinyesha kidogo tu unalimeza jeki lote na gari linabaki palepale. Mna pampu ya mguu. Mna kisindano chenye mpini na kamba zake nyeusi za kuzibia tairi zisizo na tyubu, na chupa ya maji ya sabuni ya kutafutia tundu na kunawia mikono. Mna mawe mawili ya kuzuilia magurudumu, na hayo ndiyo yanayochekesha watu.

"Mama, mawe si yapo kila mahali?" watoto huniuliza.

Haya. Siku ukipata pancha kwenye mteremko, kushoto majaruba ya mpunga, kulia majaruba ya mpunga, shuka ukaokote hilo jiwe lako la kila mahali.

Halafu kuna bomba. Ni bomba la chuma tu, nililiokota kwenye vyuma chakavu, refu kama mguu wangu. Ukilivika kwenye mkono wa wili spana, mkono unarefuka, na nati iliyomshinda mwanaume mwenye kifua chake inafunguka kwa mtu kama mimi, ambaye upepo wa ziwa ukivuma nashikilia nguzo ya kibaraza. Bomba hili nalipenda kuliko vitu vingine vyote mfukoni. Mafundi wengine wa matairi wana tabia ya kufunga nati kwa ile mashine ya upepo, trrrrr, halafu wanakuambia safari njema. Safari njema ya wapi? Nati imefungwa kama vile haitafunguliwa tena mpaka siku ya kiama!

Kitu cha mwisho ni suruali. Suruali ya kaki, ina viraka magotini, ya kuvaa chini ya gauni nikilazimika kulala uvunguni mwa gari. Mwanamke anayeendesha gari barabara zetu bila suruali kwenye buti, mimi namwonea huruma.

Nina sababu ya yote hayo. Nanunua dagaa mwaloni pale Makoko, Musoma, nawapeleka sokoni Bunda, na wateja wangu wengine wako ndani ndani huko. Nimepata pancha Kiabakari, nimepata pancha Mugeta, nimepata pancha mlangoni kwangu mwenyewe. Miiba ya migunga haiangalii unaenda wapi. Na mimi nina hasira za karibu. Kukaa pembeni ya barabara ningoje mwanaume apite, anisaidie huku ananiuliza kwa nini mume wangu ananiacha naendesha peke yangu? Hapana. Nikajifunza.

Sasa nimtaje baba mkwe wangu. Ni mzee wa Butiama, mkulima na mfugaji, mkubwa wa mwili, mzito wa hatua, Mkatoliki wa benchi la mbele. Kwa mila za kwao, na za kwetu pia maana tunafanana, mwanamke na baba mkwe wake hawashikani. Hawapeani mikono, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wala hawakodoleani macho. Nikimpelekea chai naiweka mezani, narudi nyuma, ndipo anaichukua. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilimlaza kwenye mkeka katikati ya sebule, nikasogea mpaka ukutani, ndipo babu yake akainama akamwinua, machozi yanamtiririka. Watu wa mikoa mingine wakituona wanadhani tumegombana. Wala. Ni heshima, na heshima hiyo ina raha yake. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kukorofishana na mzee huyu, maana ningeanzia wapi na hata kuangaliana hatuangaliani?

Mwaka jana binti yake wa mwisho, wifi yangu, alikuwa anaolewa. Bwana harusi ni wa Mugeta, ng'ombe walishafika, maneno yote yalishakwisha. Ilibaki misa ya ndoa Bunda mjini saa nne asubuhi, na baadaye sherehe kwenye ukumbi Kabasa.

Mama mkwe wangu alifariki binti huyo akiwa bado shule ya msingi. Akiwa kitandani alimwomba mumewe jambo moja: huyu mdogo akija kuolewa, umshike mkono wewe mwenyewe mpaka altareni, usimwachie mtu mwingine. Mzee akaahidi. Ukoo mzima tunaijua hiyo ahadi kwa sababu kila harusi ya jirani ikipita anaikumbusha, halafu anaangalia mbali.

Na mtu wa kuachiwa alikuwepo, tena yuko tayari! Baba mdogo, mdogo wake mzee wa tumbo moja, wamenuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba tangu sijaolewa. Yeye alishatangulia kulala Bunda, suti imenyooshwa pasi mpaka inakata. Padri naye alishatuambia mapema kwamba siku hiyo anafungisha ndoa mbili, kwa hiyo ya kwetu ikichelewa yeye hangoji mtu. Baba asipokuwepo, baba mdogo atamwingiza bibi harusi. Hayo ndiyo mzee alikuwa anayaogopa kuliko kifo.

Kamati ikanipa mimi kazi ya kumleta.

Nilitoka Musoma alfajiri, nimevaa sare yetu wanawake wa familia, gauni la rangi ya maziwa lililonichosha kwa fundi cherehani wiki nzima. Nilimkuta mzee amesimama uani, koti jeusi, kofia, fimbo, na kigoda chake cha miguu mitatu, maana kwenye shughuli yeye hakaliagi kiti cha plastiki.

"Shikamoo baba," nikasema, naangalia kuku.

"Marahaba mkwe," akasema, anaangalia mlima.

Kigoda kikakaa kiti cha mbele, pembeni yangu. Mzee akakaa nyuma, kona ya mbali, uso dirishani. Anayetuona njiani angesema nimekodiwa.

Tukashika njia ya vumbi kuitafuta lami ya Kiabakari. Jua lilikuwa limeshachomoza vizuri, mahindi yamependeza, na mimi nikawa naimba moyoni kwa sababu muda tulikuwa nao wa kutosha. Ndipo nikasikia mlio, pwaa, na usukani ukaanza kunivuta kushoto.

Nikashuka nikaangalia. Tairi la nyuma, kushoto. Haukuwa mwiba. Jiwe lenye makali lilikuwa limelichana ubavuni, mpasuko wa kuingiza kidole. Hapo zile kamba zangu za kuzibia hazina kazi, zinaziba pale tairi linapokanyaga barabara tu, ubavu hauzibiki. Pampu nayo haina kazi, utajaza upepo utokee wapi? Basi, ni kubadilisha.

"Mkwe," mzee akaita kutoka ndani. "Tumepatwa?"

"Tumepatwa, baba."

"Tutafika?"

"Tutafika, baba. Sasa hivi tu." Na nilisema kwa maringo, kwa sababu hii ni kazi yangu, na ni kweli huwa ni ya sasa hivi tu.

Ila palikuwa na shida ya kwanza. Kubadilisha tairi ni kazi ya kuchuchumaa, kuinama na kulala chini, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mkwe anaweza kukifanya mbele ya baba mkwe wake akabaki na jina. Nikakohoa kidogo.

"Baba, naomba ukae pale mbele upumzike. Uangalie kule kilimani."

Akaelewa, ubarikiwe uzee wake. Akachukua kigoda, akakiweka mbele ya gari, akatupa kisogo, mimi na tairi. Nikavaa suruali haraka haraka nyuma ya mlango, gauni nikalifunga kiunoni, nikaweka mawe yangu, nikaleta tairi la spea, nikaweka ubao na jeki tayari. Kila kitu safi. Nati zinalegezwa kwanza gari likiwa chini, ukishainua ndiyo unamalizia. Nikachukua wili spana. Nikaingiza mkono mfukoni kuchukua bomba.

Hamna bomba.

Nikakung'uta mfuko mzima barabarani. Hamna bomba! Nikapiga simu kwa mume wangu. Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikapokelewa, muziki unapigwa nyuma mpaka sikio linauma.

"Bomba langu liko wapi?"

"Bomba gani?"

"Usiniulize bomba gani!"

"Aaah, lile? Liko huku ukumbini, tumetundikia mapambo. Limekaa vizuri hilo, utalipenda mwenyewe ukiliona."

Nikamwambia maneno ambayo baba yake mzazi hakupaswa kuyasikia. Aliyasikia. Nilijua kwa sababu kisogo kilikohoa.

Mume wangu akataka kuja. Aje kutoka Bunda mpaka pale, halafu turudi naye, misa si ingekuwa imeshaisha? Nikamwambia akamwombe padri aende taratibu, nikakata simu. Bodaboda nazo siku hiyo hazikuwepo, ilikuwa siku ya mnada, zote zimekimbilia huko. Ilipita moja tu, imebeba abiria na mbuzi wawili, dereva akatupungia mkono kwa furaha kabisa.

Nikajikaza kisabuni. Nikavika spana kwenye nati, nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Haikutikisika. Nikapanda juu ya mkono wa spana nikarukaruka. Spana ikachomoka, ikanipiga kwenye muundi, nikaona nyota mchana. Wiki iliyopita nilikuwa nimeliacha gari kwa fundi mmoja Musoma mimi nikikimbilia shughuli zangu, naye ndiye aliyezifunga kwa mashine yake ya trrrrr. Nilimtaja huyo fundi, na ukoo wake, na mashine yake. Halafu nikakaa chini vumbini nikaanza kulia, kwa hasira tu. Kichwani nilimwona wifi yangu amesimama mlango wa kanisa anaangalia barabara.

Kisogo kikauliza, "Mkwe. Hiyo kitu inataka nini?"

"Inataka mtu mzito, baba."

Ng'ombe wa watu walilia mbali huko.

"Mimi ni mzito," mzee akasema.

"Ndiyo, baba." Nikaona nimejibu haraka mno. "Siyo sana, baba."

Akainuka. Akaja kinyumenyume, Mungu ananiona, hatua kwa hatua, uso kilimani, mpaka akalifikia gari. Nikamweleza kwamba spana ina tabia ya kuchomoka, kwa hiyo lazima mtu mmoja apige magoti aikandamize kwenye nati, na mwingine akanyage mkono wake. Akafikiri.

"Sawa. Wewe shika, uangalie kule. Mimi nitakanyaga, niangalie huku. Hatujaonana."

Basi tukafanya hivyo. Nilipiga magoti naangalia mashariki, mzee akaegemea paa la gari akiangalia magharibi, akaweka kiatu chake cha kanisani kwenye mkono wa spana, akajipandisha. Spana ikalia. Mzee akajiongeza uzito. Nati ikaachia ghafla, kwaa! Mkono wa spana ukaenda chini, mzee akayumba, mkono wake ukateleza kwenye paa, na ili asianguke akashika kitu cha kwanza alichokipata. Bega langu.

Mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, umenikamata kwa vidole vyote. Miaka yote hiyo, na ndiyo mara ya kwanza. Kilichonijia kichwani, cha ajabu, ni kwamba mkono huu unafanana na wa baba yangu, aliyefariki kabla sijaolewa, una ile ngozi ngumu ya kiganja cha jembe.

Aliuondoa mara moja, akarudi nyuma.

"Samahani mkwe."

"Hamna shida, baba."

Mimi naangalia nati, yeye sijui alikuwa anaangalia nini. Nilidhani ameshaghairi, atarudi kwenye kigoda chake, na tutakaa hapo mpaka jua lizame kwa sababu ya heshima.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

"Tatu, baba."

"Na hili paa linateleza."

"Linateleza, baba. Na lina moto."

Akavuta pumzi ndefu. "Marehemu aliniambia nimshike mkono mtoto wake nimfikishe. Hakusemaga njiani nishike nini na nisishike nini." Halafu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kuzungumza na dirisha, "Lete bega."

Nikaleta bega.

Nati ya pili ilitoka kwa shida. Tukiwa kwenye ya tatu, mzee amepanda juu ya spana kanishika bega kwa nguvu zake zote, mimi niko magotini na suruali yangu ya viraka, akatokea mama mmoja na beseni la mihogo kichwani, anaelekea mnadani. Mama wa kijiji kile kile, anatujua hadi majina ya mbuzi wetu. Alisimama. Mkono ukaenda mdomoni.

"Jamani!"

"Jamani nini?" mzee akamjia juu. "Hujawahigi kuona pancha?"

"Shikamoo mzee," mama wa watu akasema, akapita mbio, beseni linamcheza kichwani. Nilijua kwamba habari ingefika Bunda kabla yetu. Nikaanza kucheka, sikukusudia, nikasikia na juu yangu mtu anacheka, kicheko cha tumbo kabisa, bega langu linatikisika chini ya mkono wake.

Baada ya hapo mzee hakurudi kwenye kigoda. Alitaka kuzungusha jeki mwenyewe, na grisi yote niliyolipaka ikahamia mikononi mwake. Aliviringisha spea, akaniletea. Mwanzoni nilikuwa nikifungua nati naiweka chini, narudi nyuma, yeye anaiokota. Zoezi hilo lilitushinda katikati. Wakati wa kufunga, yeye alikuwa ananyoosha kiganja cheusi na mimi nachukua nati humo humo, na wala hatukukumbuka kushangaa. Gari liliposhushwa, akapanda tena juu ya spana kuzikaza, kanishika bega kwa kiganja hicho hicho.

Maji ya kunawa yalikuwepo, muda ndio haukuwepo. Mzee alijifuta kwenye majani, nikatupa kila kitu ndani ya buti, nikalitoa lile gari pale kama limeibiwa.

Njiani mzee alikuwa anaongea peke yake, nadhani alikuwa anasali. Tulipofika Bunda, gari la ndoa ya pili lilikuwa limeshaegeshwa uwanjani, bibi harusi wao ndani anajipepea. Mlangoni kwa kanisa padri alikuwa amesimama na kanzu yake, anaangalia saa. Baba mdogo alikuwa pale na suti yake, mkono ameukunja vizuri tayari kwa kushikwa. Na wifi yangu alikuwa ameegemea nguzo, shela limefunika uso, anatingisha kichwa kwamba haingii. Mume wangu alikuwa anambembeleza.

Mzee alifungua mlango gari likiwa halijasimama. Fimbo aliisahau, kofia ikaanguka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa binti yake, wala hakumwangalia mdogo wake, akamshika mkono juu ya kiwiko, akasema, "Nimekuja, mama."

Mkono wa gauni lile jeupe ukapata vidole vyeusi. Watu wote tuliviona. Wanawake wakapiga ukelele mdogo. Wifi yangu akaviangalia, akaangalia mkono wa baba yake, akanyanyua shela kabisa kunitafuta mimi. Akaliona bega langu. Akacheka huku analia, akamkumbatia baba yake na grisi yake, na padri akasema haya, haya, tuingie. Baba mdogo alibaki pale mlangoni, ameukunja ule mkono mpaka wimbo wa kuingilia ulipoanza.

Misa nzima nilikaa nimejifunika bega na kitambaa, lakini gauni la rangi ya maziwa halifichi kitu. Shangazi, dada mkubwa wa mzee, ambaye ndiye anayejua mila zote na nani amezivunja, alikuwa nyuma yangu.

"Begani kwako kuna nini?" akanong'ona.

"Grisi, shangazi."

"Grisi ina vidole?"

Nikaimba kwa sauti. Hapo ndipo nilipogundua pia kwamba suruali ya viraka bado ninayo chini ya gauni.

Ukumbini Kabasa kitu cha kwanza nilichokiona ni bomba langu. Lilikuwa juu ya meza ya maharusi, limezungushiwa kitambaa cha dhahabu na maua ya plastiki, limebeba mapambo yote peke yake. Mume wangu aliponiona nalitazama akaenda kukaa meza ya wakwe wa Mugeta, mahali ambapo anajua siwezi kumfuata na kelele.

Basi tukala, zawadi zikatoka, na zamu ya baba kutoa neno ikafika. Kabla hajainuka, shangazi akanyanyua mkono. Alikuwa na haki yake ya kuuliza, hakuna aliyeweza kumkalisha.

"Mwenzenu nimeona alama," akasema. "Nimeiona kwa bibi harusi, nimeiona na kwa mkwe wetu. Ni mkono mmoja. Nataka mwenye mkono atueleze."

Hata watu wa muziki wakazima vyombo vyao. Nilitamani kuingia uvunguni mwa meza, kwa kuwa suruali ninayo. Wengine walikuwa wanacheka chini chini, na wengine hawakuwa wanacheka hata kidogo.

Mzee alisimama kutoka kwenye kigoda chake. Hakutaka kipaza sauti.

"Dada, umeona sawasawa," alisema. "Marehemu aliniomba leo nimshike mkono binti yangu. Nimemshika. Ila njiani tairi lilipasuka, na mtu aliyenifikisha ni huyu. Nilimshika bega nisianguke. Sasa wewe niambie, kama nisingemshika huyu, yule ningemshika saa ngapi?" Akangoja. "Mimi leo nimeshika binti zangu wawili. Mwenye faini ya mila aniletee mimi."

Shangazi aliliangalia bega langu, akamwangalia bibi harusi. Halafu akapiga kigelegele, na akishapiga yeye nani asipige? Mimi nililia mpaka poda yote ikaondoka.

Bomba langu sikulipata. Wenye mapambo walifungasha usiku ule, wakaondoka nalo pamoja na vitambaa vyao, na mume wangu alitafuta mpaka akachoka. Hasira zangu kwake anazijua mwenyewe, nisizirudie hapa. Mambo mengine yalirudi kama yalivyokuwa. Nilipokwenda Butiama wiki zilizofuata nilisalimia nikiangalia kuku, nikajibiwa na mtu anayeangalia mlima, na chai niliiweka mezani nikarudi nyuma. Sikusikitika. Ndivyo tulivyo, na nilishazoea.

Halafu siku moja asubuhi nilikuwa uani kwangu Makoko nageuza dagaa kwenye turubai, nikasikia hodi. Mzee. Amepanda basi peke yake, jambo ambalo hafanyagi, na mkononi ana kitu kirefu amekifunga kwenye gazeti. Nikamsalimia. Akaitikia. Akakifungua polepole, akalitupa gazeti. Lilikuwa bomba la chuma, zito, refu kuliko lile la kwanza, kutu yote imesuguliwa, na kwenye ncha moja amelizungushia mpira wa tyubu ili lisiniumize kiganja. Lilikuwa limetengenezwa na mtu aliyekaa nalo siku kadhaa.

"La mfuko wako," akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikasubiri aliweke chini ili niliokote.

Hakuliweka chini.